Kamba mawe hai jikoni kwako: kuchemsha, mvuke, makaa au nazi?

Anayenunua kamba mawe (lobsta) hai kwa mara ya kwanza huanza na swali la utamu: apikwe vipi ndiyo awe mtamu zaidi? Ukiuliza Shela ya Lamu utaambiwa nazi, ukiuliza Malindi utaambiwa makaa, na kila mmoja anasema kweli. Swali litakaloamua jioni yako ni jingine: utamkata lini, kabla ya moto au baada yake? Ukimchemsha au ukimpika kwa mvuke, anaingia mzima na unampasua ameshaiva. Makaa na nazi vinataka umpasue mbichi, na mkono usiozoea huchelea hapo. Jibu hilo kwanza, nusu ya uamuzi itakuwa imekwisha.

Jambo moja la kuondoa njiani. Kamba wanaoonyeshwa kwenye video nyingi za mapishi ni wale wa Atlantiki ya kaskazini, wenye magando makubwa mawili. Wetu hana magando. Ana ndevu mbili nene zenye miiba, na nyama yake karibu yote iko mkiani. Ukifuata dakika zilizopangwa ili gando liive, mkia wa kamba wetu utapita kiasi.

Tunapima kwa nini

Kila njia hapa chini inatazamwa kwa mambo yale yale: vyombo na moto inaotaka, hatua na muda, ladha inayotoka, kinachoharibika, na mpishi inayemfaa. Kwa anayeanza, kipimo kizito ni cha uvumilivu: unaweza kukosea dakika ngapi kabla mlo haujaharibika? Nyama ya mkia ikishaiva haingoji. Dakika chache za ziada zinatosha kuifanya mpira, na hakuna mchuzi wa kuirudisha.

Tutachukulia kamba wa gramu 600 hadi kilo moja. Huyo anaenea kwenye sufuria ya nyumbani na anaiva sawasawa. Wapo wa kilo mbili na zaidi, na wanapendeza machoni, lakini nje huwa pameshakauka ndani kukiwa bado kubichi. Waache mpaka mkono uzoee. Kwa hesabu ya mezani, nyama utakayopata ni kama theluthi ya uzito wake akiwa hai, kwa hiyo kilo moja inawatosha watu wawili wakila kamba mtupu, au wanne akiwa ndani ya mchuzi na wali.

Kumchagua na kumfikisha nyumbani

Msimu mzuri ni kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari inapotulia na maji kuwa meupe. Wazamiaji wa Kizingitini, Kiwayu na Kiunga huko Lamu humtoa kwenye mapango ya miamba, na wengi hutumia pweza aliyefungwa kwenye kijiti: kamba akimwona pweza anatoka mwenyewe, kwa kuwa pweza ndiye adui yake. Kusi kikivuma kazi hiyo hupungua, na kamba wa dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, huenda alikaa siku kadhaa tangu avuliwe.

Muulize muuzaji waziwazi: "Kaka, huyu katoka majini lini?" Kisha usitegemee jibu peke yake. Mshike mgongoni, nyuma kidogo ya kichwa, kwa kitambaa kinene, umwinue. Aliye mzima hukunja mkia kwa nguvu chini ya tumbo na kuufyatua. Huenda pia akatoa mlio wa kukwaruza. Huo si wa koo: anasugua shina la ndevu juu ya gamba lililo chini ya macho, na ni dalili njema. Aliyening'iniza mkia na miguu yu karibu kufa, na ukikuta mkia umelegea na una harufu, mrudishe.

Mgeuze pia utazame chini ya mkia. Ukiona kichala cha mayai ya rangi ya chungwa au kahawia kimeshikana kwenye vijipezi, usimnunue. Sheria ya uvuvi ya Kenya inakataza kuvua kamba wenye mayai, na wadogo wasiofikia kipimo vilevile. Malindi, mwenye kukuambia kamba wake ametoka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari (Marine National Park) hana la kujisifia, maana hakuna uvuvi unaoruhusiwa humo.

Safari ya nyumbani ni gunia lililoloweshwa maji ya bahari, kivulini. Hivyo ataishi saa kadhaa. Makosa mawili humuua mapema. La kwanza ni kumtia kwenye ndoo ya maji ya bomba, kwani maji baridi yasiyo na chumvi yanamdhuru. La pili ni ndoo ndogo ya maji ya bahari yaliyotulia, ambamo hewa humwishia. Kamba aliyekufa saa nyingi hapikwi. Ini lake, lile rojo la kijani lililo kichwani, lina vimeng'enya vinavyoanza kusaga nyama mara anapokufa, na utapata mkia unaomumunyuka mkononi. Akifia njiani mbele ya macho yako, tenga mkia na kichwa hapo hapo, uweke mkia kwenye barafu, upike siku hiyo hiyo.

Kumlaza kwa barafu, njia yoyote utakayochagua

Hatua hii haina mbadala. Jaza ndoo nusu ya barafu iliyovunjwavunjwa, mimina maji ya bahari hadi yaifunike, au maji ya bomba yenye vijiko viwili vikubwa vya chumvi kwa kila lita. Mzamishe kamba kwa dakika 30. Kamba wa maji ya joto kama wetu hulegea upesi. Yuko tayari ukigusa jicho na lisitikisike, ukivuta ndevu asivute, ukinyoosha mkia ukabaki umenyooka.

Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii wa pwani yetu kiumbe wa bahari hahitaji kuchinjwa ndipo awe halali, lakini kumtesa mnyama bila sababu ni jambo jingine. Uswisi ilipiga marufuku kumchemsha kamba bila kumzimisha kwanza mwaka 2018, na Uingereza ikamwingiza katika sheria ya mwaka 2022 inayotambua wanyama wenye hisia. Na hata asiyejali hayo ana sababu ya jikoni: kamba anayetupwa kwenye maji ya moto akiwa macho hupigapiga mkia, humwagia maji mpishi, na mara nyingi huangusha miguu. Anakaza misuli pia, na nyama haimpendezi mtu.

Kama utampasua, tandika taulo nene, mlaze chali juu yake ili miiba ya mgongo ishike kitambaa. Vaa glavu nene. Ncha ya kisu kizito iweke katikati ya kifua, baina ya mashina ya miguu, ushushe kwa nguvu kuelekea kichwani. Geuza kisu mara hiyo hiyo, endelea kutoka kifuani hadi mwisho wa mkia. Upande wa tumbo ni laini kuliko mgongo, na ndipo msururu wa mishipa ya fahamu unapopita. Kamba hana ubongo mmoja wa kuvunja kwa pigo moja, ndiyo maana kisu hupita kwa urefu wote na kwa haraka, sekunde chache tu. Miguu inaweza kutikisika baadaye ijapokuwa amekufa.

Sasa njia zenyewe.

1. Kuchemsha

*Vyombo na moto.* Hapa ndipo wengi hukwama bila kujua. Kamba mmoja wa kilo anataka maji ya kumfunika na zaidi, kama lita 8, kwenye sufuria ya lita 12 yenye kifuniko. Lita 8 juu ya jiko moja la makaa, au juu ya mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichwa kimoja, huchukua dakika 40 au zaidi kuchemka. Ukipunguza maji ili upate haraka, kamba aliyetoka kwenye barafu atayapoza na utapoteza hesabu ya dakika.

*Hatua na muda.* Chumvi ni gramu 30 hivi kwa lita, yaani robo kilo kwa lita 8. Inaonekana nyingi, ila ndiyo inayokaribia chumvi ya bahari, na nyama haivuti kiasi cha kumkera mtu. Maji ya bahari yenyewe yanafaa yakichotwa nje kwenye mkondo. Yaliyo mbele ya mji, penye majahazi na mifereji, yaache yalipo. Vunja ndevu kama hazienei. Mwingize kichwa kwanza, funika, na anza kuhesabu maji yanaporudi kuchemka:

gramu 500: dakika 8 hadi 9
gramu 750: dakika 10 hadi 12
kilo 1: dakika 13 hadi 15

Mtoe kwa koleo, muweke kwenye chujio kichwa kikiwa chini, atiririshe maji dakika tano. Ukimtaka baridi kwa saladi, mtumbukize kwenye maji ya barafu yenye chumvi mara tu anapotoka.

Kumpima: usidanganywe na wekundu. Rangi nyekundu imo ndani ya gamba tangu akiwa hai, imeshikwa na protini inayoifanya ionekane ya bluu na kijani, na joto likiivunja protini hiyo wekundu hujitokeza. Hilo hutokea nje mapema, mkia ukiwa bado mbichi ndani. Tazama badala yake pale kichwa kinapokutana na mkia. Pinda kidogo: kuna utando mwembamba na nyama nyuma yake. Nyama ikiwa bado ya kioo, unaona mwanga ukipenya, mrudishe dakika mbili. Ikiwa nyeupe kabisa na imeanza kuachana na gamba, imeiva. Mwenye kipimajoto cha jikoni achome katikati ya mkia kutoka chini, atafute nyuzi 63.

*Ladha.* Safi, ya bahari, nyama laini inayotoka nzima ndani ya gamba. Sehemu ya utamu hubaki majini, na hakuna anayeweza kukataa hilo.

*Kinachoharibika.* Maji machache, chumvi haba, na kumsahau. Hata akishatoka sufuriani anaendelea kuiva kwa joto lake, kwa hiyo mtoe nyama ikiwa imegeuka weupe punde tu.

*Anamfaa nani.* Asiyetaka kukata kitu kibichi, anayepikia watu watatu hadi sita kwa kamba kadhaa mfululizo, na anayetaka nyama ya kutumia baadaye kwenye sambusa, saladi au wali. Uvumilivu wake ni wa wastani, kama dakika mbili.

2. Mvuke

Karibu yote ya kuchemsha yanarudi hapa, isipokuwa maji. Unataka sentimita nne au tano tu chini ya sufuria, zikiwa na vijiko viwili vya chumvi. Pindua bakuli la bati ndani, juu yake laza wavu au sahani yenye matundu, kamba akae bila kugusa maji. Maji yachemke kwanza ndipo aingie. Funika, uweke jiwe juu ya kifuniko ili mvuke usitoroke.

Muda ni mrefu kidogo: gramu 500 dakika 10 hadi 11, gramu 750 dakika 13 hadi 14, kilo moja dakika 16 hadi 18. Kila ufunuapo kuchungulia unapoteza dakika, basi usifunue mpaka wakati ufike. Kipimo cha kuiva ni kile kile cha pale kwenye kiungo.

Ladha imekolea kuliko ya kuchemsha, kwa sababu hakuna maji ya kuichukua. Nyama haijai maji, na ukiipasua hailowi sinia. Kinachoharibika ni viwili: maji kukauka sufuria ikaungua na moshi ukaingia nyamani, na kupanga kamba wawili mmoja juu ya mwingine, wa chini akaiva na wa juu akabaki nyuma. Mmoja mmoja, au wawili bega kwa bega.

Inamfaa mwenye gesi ndogo, mwenye nyumba ambayo maji huja kwa zamu, na anayepika kamba mmoja au wawili. Kwa uvumilivu hii ndiyo yenye upole zaidi kati ya zile mbili za kumpika mzima. Mvuke hupika taratibu na dakika tatu za ziada hazionekani sana. Ajabu ni kwamba haitajwi mara nyingi.

3. Makaa

*Vyombo na moto.* Jiko pana au karai la makaa, wavu wa kuchomea, koleo na brashi au kipande cha kumbi la nazi cha kupakia. Makaa yasubiriwe yafunikwe na jivu jeupe. Weka kiganja juu ya wavu: ukistahimili sekunde tatu au nne, ni joto lake. Vifuu vya nazi vinawaka kwa moto mkali na mfupi, vizuri kwa kuanzishia, vibaya kwa kuchomea. Ukichomea kwenye sakafu ya paa la nyumba wakati wa kaskazi, kinga upande wa upepo kwa bati. Upepo ule hupuliza makaa yakawaka upande mmoja, na jivu linaruka moja kwa moja kwenye nyama iliyopakwa mafuta.

*Hatua na muda.* Kamba ameshalazwa na kupasuliwa vipande viwili kwa urefu. Ondoa mfuko wa mchanga ulio nyuma ya mdomo, ndilo tumbo lake, na mstari mweusi unaopita mkiani. Ini la kijani unaweza kuliacha au kulikoroga na samli. Usimwoshe kwa maji mengi. Mfute tu kwa kitambaa, kwani nyama yenye maji hung'ang'ania wavu.

Kwa kamba wa gramu 700: koroga vijiko vitatu vya samli au siagi iliyoyeyushwa, punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, pilipili na chumvi. Hakuna ndimu bado. Paka nyama mafuta, ilaze uso ukitazama makaa dakika mbili hadi tatu ipate rangi. Geuza, gamba liwe chini, na hapo sasa paka kila baada ya dakika, dakika tano hadi saba. Gamba linakuwa chungu, nyama inachemkia ndani ya samli yake. Imeiva inapokuwa nyeupe yote na kingo zimeachana na gamba. Kamulia ndimu ikishashuka.

Mwenye kupenda kupaka kwa nazi achemshe kikombe cha tui zito na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na kijiko cha ukwaju hadi lishikane na mwiko, aipake dakika tatu za mwisho. Mapema zaidi ya hapo nazi inaungua na kuwa chungu.

*Ladha.* Moshi, samli, kingo zilizokauka kidogo. Hakuna njia nyingine inayotoa hayo.

*Kinachoharibika.* Ukavu, mara tisa kati ya kumi. Nyama iliyopasuliwa haina kifuniko na joto la makaa ni kavu. Sababu ya pili ni ndimu kutangulia: asidi hukaza uso wa nyama kabla moto haujafika, na unapata ngozi ngumu juu ya nyama mbichi. Ya tatu ni samli kudondokea makaa na kuwasha ndimi za moto. Ikitokea, sogeza kamba pembeni, usimwage maji.

Kuna njia ya katikati kwa anayeogopa kupasua mbichi: mchemshe mzima dakika nne, mpoze kwenye maji ya barafu, mpasue, kisha makaa dakika nne au tano gamba likiwa chini. Unapoteza kidogo cha moshi, unapata utulivu. Kwa mara ya kwanza ni biashara ya haki.

*Anamfaa nani.* Mwenye uzoefu wa kuchoma samaki, asiyesumbuka na kisu, anayewapikia watu wanaokula papo hapo. Uvumilivu: dakika moja, pengine pungufu.

4. Nazi

*Vyombo na moto.* Sufuria pana, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kukamulia tui, moto mdogo unaotulia. Jiko la makaa linaridhisha hapa kuliko popote, maana halihitaji ukali. Hakuna lita 8 za kuchemsha.

*Hatua na muda.* Kwa watu wanne: kamba wa kilo moja, nazi mbili kubwa, vitunguu maji viwili, nyanya tatu, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi urefu wa kidole gumba, nusu kijiko cha manjano, pilipili mbichi moja nzima, vijiko viwili vya maji mazito ya ukwaju, chumvi, dania.

Zikune nazi, kamua tui zito la kwanza kikombe kimoja na nusu, liweke kando. Ongeza maji ya vuguvugu kwenye chicha, kamua tui jepesi vikombe vitatu.

Kamba akishapasuliwa na kusafishwa, tenga kichwa na mkia. Kata kila nusu ya mkia vipande vitatu kwenye maungio, gamba likiwa bado limeshika nyama. Usimvue gamba: ndilo linalozuia nyama isijikunje, na ndilo lenye utamu wa mchuzi. Vichwa na miguu ndivyo vinavyoingia kwanza. Vikaange kwa mafuta kidogo mpaka viwe vyekundu, mimina tui jepesi, acha vichemke polepole dakika 15. Sufuria nyingine kaanga vitunguu vilainike, tia saumu na tangawizi, manjano, nyanya, ukaange mpaka mafuta yaelee juu. Chuja supu ya vichwa juu yake, tia pilipili nzima bila kuipasua, ichemke hadi ipungue theluthi.

Sasa vipande vya mkia, dakika tano tu kwenye mchuzi unaotokota kidogo. Teremsha moto, mimina tui zito ukibakisha vijiko viwili, koroga polepole upande mmoja dakika tatu. Mchuzi usichemke kwa nguvu tena. Ukwaju, chumvi, dania, epua.

*Ladha.* Mchuzi ndio mfalme, kamba waziri. Hilo linawaudhi wanaopenda nyama tupu. Lakini vichwa, ambavyo katika njia tatu nyingine huishia kwa paka wa Lamu, hapa vimelipa gharama yao yote.

*Kinachoharibika.* Tui kukatika: mafuta huelea, chini yanabaki maji yenye chengachenga. Linatokana na moto mkali baada ya tui zito, au ukwaju mwingi uliomiminwa mchuzi ukichemka. Likikatika ladha haijaharibika. Epua, ongeza vijiko viwili vya tui zito ulilobakisha, koroga kwa nguvu nje ya moto. Kosa la pili ni kumtia kamba mapema pamoja na nyanya, kwa mazoea ya kuku. Kuku anataka muda, kamba hautaki.

*Anamfaa nani.* Mwenye mkono wa mchuzi wa samaki wa nazi, maana asilimia kubwa ya kazi anaijua tayari, na mwenye kamba mmoja kwa watu wengi. Uvumilivu ni mkubwa, sawa na wa mvuke: vipande vimezungukwa na tui, na dakika tatu za kuzidi hufichika. Bei yake ni muda, karibu saa moja na nusu ukihesabu kukuna nazi, na kisu mwanzoni.

Kwa ufupi, ubavu kwa ubavu

| | Kuchemsha | Mvuke | Makaa | Nazi |
|---|---|---|---|---|
| Kukata mbichi | hapana | hapana | ndiyo | ndiyo |
| Maji na moto | mwingi | kidogo | makaa mengi | moto mdogo |
| Muda, bila barafu | saa 1 | dakika 35 | dakika 50 | saa 1½ |
| Kosa unaloruhusiwa | dakika 2 | dakika 3 | dakika 1 | dakika 3 |
| Kilo 1 inalisha | 2 | 2 | 2 | 4 |

Kwa njia zote, usimwache kamba aliyeiva mezani zaidi ya saa mbili, na kwenye joto la Januari Malindi hesabu saa moja. Kwenye friji amalizwe ndani ya siku mbili. Waulize wageni mapema kama kuna anayewashwa au kuvimba kwa kula kamba wa aina yoyote. Mwenye mzio wa kamba wadogo mara nyingi hamwezi huyu pia, na mvuke wa jikoni pekee unaweza kumsumbua.

Chagua kwa hali yako

Umeletewa kamba wa zawadi saa kumi jioni, gesi imebaki robo, na hujawahi kupasua kitu kilicho hai: mvuke.

Wageni watano, kamba wanne, na kuna mtu wa kukuwashia moto mapema: chemsha wawili wawili kwenye maji yale yale, ukisubiri yarudi kuchemka kila mara, uwapasue mezani.

Familia kubwa na kamba mmoja wa kilo, Ijumaa mchana: nazi, na kukuna kuanze asubuhi. Barafu ikipatikana kwa shida kisiwani, ifuate kabla ya kumnunua kamba, wala si baada.

Unajua kuchoma samaki kama changu na tafi bila kuwakausha na kisu hakikutishi: makaa, kamba wa gramu 600 au 700, si zaidi. Kama unajua kuchoma lakini kisu kinakutisha, fuata ile njia ya kuchemsha dakika nne kwanza.

Kamba ni wa kilo mbili na umeshamlipia: usimpike mzima. Mlaze barafuni dakika 45, mpasue au mwombe muuzaji akupasulie hapo dikoni, kichwa kiende kwenye supu ya nazi na mkia ukatwe mapande ya vidole vitatu. Kwa ukubwa huo vipande vya mkia vinataka dakika saba kwenye mchuzi kabla ya tui zito, na kipande kinene zaidi ndicho cha kupasua na kutazama.